Kwenda soko la Mae Klong kwa treni ya baht 10, na sukari ya mnazi ya Tha Kha

Nimesharudi Tanga, picha nimeshazihamisha, kijitabu changu kimelowa kidogo lakini kinasomeka, kwahiyo naandika kama nilivyowaahidi. Watu wengi wa kwetu wanaoenda Bangkok wanaenda Pratunam kufunga mzigo wa nguo za Kariakoo, wanalala hoteli za palepale, siku zikiisha wanarudi airport. Dada yangu ni mmoja wao na safari hii nilimsindikiza. Ila mi nilikuwa na langu, nilitaka kuona soko la chakula la Wathai wenyewe, pale wanaponunua samaki na nazi za kupikia nyumbani, na nilitaka kufika huko kwa njia wanayopita wao.

Mae Klong wengi mnaijua hata kama hamlijui jina, ni lile soko la kwenye video ambalo treni inapita katikati ya nyanya na samaki. Video ni ya dakika moja. Soko lenyewe lipo siku nzima, na hapo ndipo nataka niwapeleke.

Alhamisi: kuingia Bangkok

Tulipitia Addis Ababa tukatua Suvarnabhumi mchana. Shikeni hili mapema: sisi tunatoka nchi zenye homa ya manjano, kwahiyo kabla hujapanga foleni ya uhamiaji unapita kwanza kaunta ya afya, unaonyesha kadi ya njano ya chanjo, wanakugongea, ndo unaenda kupanga. Tuliona familia nzima imerudishwa kutoka mbele kabisa ya foleni na watoto wamechoka hoi. Viza tuliombea mtandaoni, na ile kadi ya kuingia nchini nayo tangu Mei 2025 inajazwa mtandaoni siku tatu za mwisho kabla ya kufika. Ni bure. Ukiona tovuti inakudai hela ujue sio yenyewe, toka.

Kutoka airport kuna treni ya mjini, hata ukienda mpaka kituo cha mwisho, Phaya Thai, haizidi baht 45. Mi baht moja nilikuwa naihesabu shilingi 80 za kwetu kurahisisha, kwahiyo hapo ni kama 3,600, na foleni ya magari ya Bangkok unaiangalia kwa juu tu. Kwa Pratunam mnashukia Ratchaprarop. Jioni tulikula, tukalala, hakuna la kusimulia.

Ijumaa asubuhi: Wongwian Yai, mvua, na kivuko

Dada aliamka saa kumi na moja kuwahi soko la jumla la alfajiri, akanipa bunda la noti za baht 20 akaniambia, "Mdogo wangu, huko unakoenda usitoe noti ya elfu kununua vitumbua, shika hizi." Zilinisaidia mno. Anayekuja baadaye avunje hela zake Bangkok, ukinunua hata maji kwenye duka kubwa wanakupa chenji bila kununa.

Nilipanda treni ya juu kutoka Phaya Thai, nikabadilisha Siam, nikashuka Wongwian Yai, haikufika baht 60. Sasa hapa msichanganye, kuna Wongwian Yai ya treni ya juu na kuna stesheni ya zamani ya reli yenye jina hilohilo, na kati yao unatembea robo saa hivi. Ile ya zamani imejificha kwelikweli. Huoni jengo la maana, unaona vibanda vya nguo, mishikaki, maua, mtu anauza mapera yaliyokatwa, unapenya katikati yao na ghafla umesimama kwenye plafomu. Tiketi mpaka Mahachai ni baht 10. Shilingi 800 kwa safari ya kama saa nzima na kilomita 31 hivi! Behewa halina kiyoyozi, kuna feni darini na madirisha yako wazi yote, na mi ndivyo ninavyopenda kusafiri, unasikia harufu ya kila unapopita.

Nilipanda ya saa mbili na dakika thelathini na tano. Mwanzoni inapita nyuma ya nyumba za watu karibu kabisa, unamuona mtu anapiga mswaki, bibi anamwagilia maua kwenye makopo, halafu nyumba zinapungua inakuja migomba na mifereji. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mzee mwenye jogoo ndani ya kikapu, na jogoo alitulia njia nzima.

Mahachai treni inaishia ndani ya soko, na reli inakatika hapo kwa sababu mbele kuna mto Tha Chin. Reli hii ilijengwa vipande viwili, hiki cha kwanza kilifunguliwa 1904 na cha upande wa pili 1905, na mpaka leo hakuna daraja la treni linaloviunganisha, unashuka, unavuka mto kwa kivuko, unatembea, unapanda treni nyingine. Kivuko baht 3. Tatu!

Nilikuwa nimepanga niwahi treni ya upande wa pili ya saa nne na dakika kumi, nafasi ilikuwepo ya kutosha. Basi ikashuka mvua, sio manyunyu, mvua ile ya kufuta ng'ambo, mto wote haukuonekana, na kivuko kikasimama kikangoja. Tulibanana chini ya bati, wanafunzi, wafanyakazi wa viwanda vya samaki (wengi wao wametoka Myanmar, mji huu umejaa), kina mama na ndoo za kamba. Hakuna aliyelalamika. Mwenye kivuko alipoona tunavuka salama ndo akaondoka, na treni yangu ilikuwa imeshakwenda. Inayofuata ni saa saba na nusu mchana.

Kwa anayekuja: treni za kutoka Ban Laem, stesheni ya ng'ambo ya mto, kwenda Mae Klong nilizozikuta kwenye ratiba ni nne tu kwa siku, saa moja na nusu na saa nne na dakika kumi asubuhi, saa saba na nusu mchana, na saa kumi na dakika arobaini jioni. Ukikosa moja unakaa masaa. Usipange kitu cha lazima siku hiyohiyo. Ukishuka kwenye kivuko geuka kulia, tembea kama dakika kumi, na uliza watu, watakuonyesha kwa mkono.

Ijumaa mchana: stesheni ya Ban Laem

Stesheni ni kibanda na benchi. Pale nilimkuta mama mmoja wa makamo, kofia ya majani, vikapu vitupu vya mianzi vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Na yeye alikuwa amekosa treni ileile. Aliniangalia nilivyolowa, akafungua begi lake akatoa taulo safi akanipa. Hajaniuliza hata jina.

Halafu akatoa vifurushi vya majani ya mgomba. Ndani ni wali wa kunata uliopikwa kwa tui, katikati ndizi mbivu na punje za maharage meusi, wanauchemsha kwa mvuke ukiwa umefungwa hivyohivyo. Jamani. Tui lile lilikuwa tui la mtu anayejua, zito, chumvi kwa mbali, na nilipofumba macho nilikuwa jikoni kwetu. Nikatoa simu, nikaandika kwa Kiswahili, simu ikasema Kithai, naye akajibu, na hivyo ndivyo tulivyopiga stori karibu masaa mawili. Tanzania hakuwa anaijua. Nikamuonyesha picha za minazi ya Pangani, akashika simu yangu kwa mikono miwili, akauliza, "Hii yote mnaifanyia nini?" Nikasema tui, mafuta, makuti, fagio, na wapo wanaogema tembo. Akauliza sukari je? Nikamwambia hapana, sukari yetu ni ya miwa. Alishangaa kabisa, akaniandikia kwenye kijitabu changu kwa maandishi yao mahali pa kwenda: Tha Kha, Jumamosi asubuhi, mapema. Ukurasa huo ndio niliouonyesha kila dereva siku iliyofuata.

Hela ya chakula alikataa. Nikanunua chai ya barafu mbili, ya kwake akaipokea.

Treni ya pili nayo baht 10, nayo inachukua saa nzima. Njiani kuna mashamba ya chumvi makubwa, maji yamelala kwenye vyumba vyake na vichuguu vyeupe vya chumvi vimejipanga, halafu mikoko, halafu mabwawa ya kamba. Karibu na mwisho treni inapunguza mwendo mpaka mtu wa miguu angeweza kuipita, honi inalia mfululizo, na mama akanigusa akanionyesha dirisha. Ghafla kuna watu pande zote mbili. Simu zimeinuliwa, mamia, na nyuma yao wauzaji wameshika turubai zao, ukinyoosha mkono unagusa kikapu cha pilipili. Chini kabisa, kando ya reli, mboga na samaki wamebaki palepale walipokuwa, treni inapita juu yao.

Mae Klong: treni ikishaondoka

Ilikuwa saa nane na nusu. Mama alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwenye meza ya rafiki yake anayeuza samaki, wakasemezana, nikapewa kigoda cha plastiki. Na hapo niliona kitu ambacho nadhani wengi wanakikosa. Watalii wengi wanakuja kwa magari madogo, wanasimama nyuma ya mstari mwekundu, wanapiga picha, na robo saa baadaye wanaitwa na kiongozi wao wanaondoka. Soko likapumua. Turubai zikarudi, meza za magurudumu zikasukumwa mbele kwenye vireli vyake vidogo, na wanunuzi wenyewe wakaanza kuja, mtu na kapu lake, anabonyeza samaki, ananusa, anauliza bei, anaenda kwa jirani, anarudi.

Samaki wa hapa anayesifiwa nchi nzima wanamwita pla thu, ni jamii ya vibua wetu ila mfupi na mnene zaidi. Wanampika kwa mvuke na kumuuza ndani ya vikapu vidogo vya mianzi, wawili watatu kwa kikapu, na shingo imekunjwa ili aenee. Ukiona kichwa kimeinama hivyo ujue ndo wa Mae Klong. Anakaangwa, analiwa na mchuzi mkali wa kamba waliosagwa na chumvi, pilipili na ndimu, pembeni mboga za kuchemsha. Pla thu kikapu kimoja nilinunua baht 40 na yule mama wa samaki akanikaangia palepale kwenye jiko lake la nyuma, akanigawia na wali wake.

Nilizunguka mpaka miguu ikauma. Nyanya chungu za kijani na nyeupe, mchaichai mafungu kwa mafungu, khulinjani mbichi (jamii ya tangawizi) yenye tumba za rangi ya waridi, majani ya mndimu, ukwaju, kivumbasi cha aina mbili tatu, majani jamii ya matembele yanayoota majini, kaa waliolowekwa chumvi, ngisi wakavu, vyura waliochunwa (sikuwasogelea). Mashine ya kukuna nazi inazunguka bila kupumzika, unanunua nazi inakunwa mbele yako au unachukua tui lililokamuliwa tayari ndani ya mfuko, zito peke yake na jepesi peke yake, maana hapa nao wanatenganisha, la kwanza na la pili. Kule mwisho kuna anayepika kitu kinaitwa khanom krok kwenye chuma chenye mashimo, unga wa mchele na tui, wengine wanatia majani ya kitunguu juu. Ni vitumbua, vidogo, laini ndani na vimekauka pembeni, na vinaunganishwa viwili viwili. Nilikula sahani ya baht 20 nimesimama, nikaongeza nyingine.

Wanaofuata halali: samaki, matunda na vitumbua havina shida, lakini nyama ya nguruwe iko kila mahali na mafuta yake yanapikiwa, kwahiyo uliza. Ukisema "mai ao mu" wanaelewa kwamba hutaki nguruwe, na hawachukii. Baadhi ya bidhaa za pakiti zina alama ya halali, angalia. Na chakula sokoni hawapatani bei, muuzaji anakuonyesha kwenye kikokotoo unalipa. Kupatana ni kwa nguo na mapambo.

Saa tisa na nusu treni inaondoka kurudi Ban Laem. Dakika chache kabla spika ikatangaza, na mama wa samaki akanipa kamba ya turubai nishike mimi. Akahesabu kwa vidole, akasema vuta, nikavuta, jirani naye akavuta, na paa lote la soko likafunguka mstari mzima mbele yangu kwa muda mfupi kuliko ninavyoandika hapa. Behewa likapita pua kwa pua. Yeye hata hakuangalia treni, alikuwa anapanga samaki. Hii inatokea mara nane kwa siku, nne za kuingia na nne za kutoka, kwahiyo kwake ni kazi kama kufukuza nzi.

Ijumaa jioni: Amphawa

Nje ya soko kuna pikapu za mabenchi mawili, ndo daladala zao, mpaka Amphawa nililipa baht 10, unalipa ukishuka. Nilipata chumba kwenye nyumba ya mbao ya ukingo wa mfereji, baht 900 na chai ya asubuhi, bafu la pamoja, safi. Mkoa huu wa Samut Songkhram ndio mdogo kuliko yote Thailand, na ni mifereji kila upande.

Soko la majini la Amphawa lipo Ijumaa mpaka Jumapili kuanzia mchana hadi usiku. Wapishi wamekaa ndani ya mitumbwi na majiko ya mkaa, wanachoma ngisi na kamba wakubwa, wewe umekaa kwenye ngazi za ukingo, sahani inapandishwa kwako. Wathai wenyewe wa Bangkok ndo wengi, familia na bibi na watoto. Bei ziko juu kuliko Mae Klong, ngisi mmoja baht 100 na zaidi, ila ule mchuzi wa ndimu, pilipili na kitunguu saumu, bado naukumbuka.

Nikauliza boti ya vimulimuli inaondoka saa ngapi, dada wa tiketi akainua kidole kimoja akasema usiku. Nikaelewa hapohapo: saa moja! Usiku Wathai wanahesabu masaa kama sisi, jua likizama wanaanza moja, mbili, tatu. Mzungu aliyekuwa nyuma yangu alidhani ni saa saba usiku, nikamsaidia. Boti ni baht 60 kwa mtu. Vimulimuli wanakaa kwenye miti ya ukingoni iliyo jamii moja na mlilana wetu wa mikoko, na siku hiyo mwezi haukuwepo, wakawaka na kuzima pamoja mti mzima. Nahodha alizima injini kila tulipokaribia, maana kuna watu wanalala kwenye nyumba zile, na akatuomba tusiongee kwa sauti.

Jumamosi: Tha Kha

Alfajiri watawa wanapita kwa mtumbwi kupokea sadaka ya chakula, mwenye nyumba alikuwa ameshapiga magoti ukingoni na wali wake. Unaangalia kwa mbali, unanyamaza, na wanawake hatuwagusi watawa wala hatuwapi kitu mkononi moja kwa moja.

Kutoka Amphawa mpaka Tha Kha ni kama kilomita kumi na usafiri wa kudumu sikuuona. Bodaboda mmoja alisoma kijitabu changu akasema baht 150 kwenda. Tulipofika akaniambia atanisubiri, nikamwambia nitakaa sana, akacheka akasema na yeye ananunua mboga.

Hili ndilo soko nililokuwa nalitafuta bila kujua. Kihistoria linafuata mwezi, tarehe 2, 7 na 12 za mwezi unaokua, na vilevile za mwezi unaopungua, yaani kila baada ya siku tano hivi, ni gulio kabisa. Siku hizi wameongeza Jumamosi na Jumapili. Mitumbwi ni midogo, wengi ni kina mama watu wazima, na kilichomo ndani ni cha shambani kwao: mabalungi, nazi, ndizi, pilipili, mayai ya bata. Wanabadilishana na wao kwa wao. Wageni tulikuwa wachache. Kufika saa nne na nusu wengine walikuwa wameanza kufunga, kwahiyo mwende mapema, saa moja na nusu mpaka saa tatu ndo penyewe.

Nikapanda mtumbwi wa kafi, baht 100, mpiga kafi ni bibi mwenye mikono ya nguvu, tukaingia kwenye vijifereji chini ya minazi mpaka mahali pa kupikia sukari. Na hapa nitakaa kidogo, niwieni radhi, maana watu wa pwani hii inatuhusu.

Mnazi unagemwa hivyohivyo tunavyojua sisi. Karara linafungwa, ncha inakatwa kwa kisu kilichopinda, chombo kinaning'inizwa, asubuhi na jioni mgema anapanda anakusanya na kukata upya. Lakini chini ya kila chombo wanatia vipande vya mti wanaouita phayom, na hivyo vinazuia maji ya mnazi yasichache. Kwetu yakishuka yanaachwa yawe tembo. Kwao yanakimbizwa jikoni yakiwa matamu, yanachujwa, yanamiminwa kwenye makarai makubwa juu ya jiko refu la udongo lenye matundu kadhaa, moto ni wa makumbi na makuti, hakuna kinachotupwa. Povu linapanda, wanaliengua. Yakigeuka rangi ya asali na kuwa mazito, karai linashushwa, mtu mmoja anapiga kwa nguvu na chombo cha waya mpaka yapoe na kuganda, kisha wanatia kwenye vikombe vipate umbo. Nilionjeshwa ikiwa bado ya moto, kwenye kijiti. Ina chumvi ya mbali sana, ina moshi, utamu unakuja taratibu halafu unakaa.

Mgema mwenyewe ni kijana wa miaka arobaini hivi. Kwa simu aliniambia vijana wengi hawataki kupanda minazi tena, wanaenda viwandani, na wazee wanaanguka. Nikamwambia kwetu Pangani na Mafia ni maneno hayohayo. Aliniuliza wagema wetu wanalipwaje, nikamweleza ninavyojua, na yeye akanieleza yake, na tulikaa juu ya makumbi mpaka bibi wa mtumbwi akaja kuniita. Natamani sana mtu wa kwetu mwenye minazi aende akakae pale wiki moja ajifunze. Karai, kuni tunazo, minazi tunayo, wagema tunao. Sioni kwanini Pangani isiwe na sukari yake.

Mchana ulienda kwa kulala na kufua.

Jumapili: soko kabla ya treni, na Don Hoi Lot

Nilirudi Mae Klong gizani kwa gari la mwenye nyumba aliyekuwa anakwenda kununua mboga, hela ya mafuta hakutaka. Saa kumi na mbili kasoro hakuna mtalii hata mmoja. Taa zinawaka, barafu inapondwa, samaki wanashushwa wakiwa wanang'aa, wenye migahawa wanachukua kwa makreti. Treni ya kwanza inaondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini, ikapita na karibu hakuna aliyetoa simu. Mama wa samaki aliponiona alipiga kelele ya furaha, akanipa glasi ya maziwa ya soya ya moto. Yule mama wa vikapu hakuwepo, nikamwachia huyu wa samaki kitenge nilichokuwa nimekuja nacho, akaahidi kumfikishia, na akanipiga picha nikiwa nimekishika ili amuonyeshe nani kaleta.

Baadaye nikachukua pikapu nyingine kwenda Don Hoi Lot, mdomo wa mto, tope tambarare linalohifadhiwa kimataifa tangu 2001. Maji yakitoka watu wanaingia na vijiti vilivyochovywa chokaa, wanachomeka kwenye kitundu, na chaza mmoja mwembamba mrefu anachomoza mwenyewe kwa kuwashwa, wanamvuta. Nendeni maji yakiwa yamekupwa tu, yakijaa hamuoni kitu zaidi ya migahawa. Uliza nyumba ulikolala, wanajua masaa ya maji kwa kichwa.

Kurudi Bangkok nilipanda hiace pale Mae Klong, chini ya baht 100, saa moja na nusu mpaka kituo cha mabasi cha kusini. Jioni ya Jumapili zinajaa haraka, ondokeni kabla ya saa tisa. Aliye na siku moja tu namshauri aende na hiyo hiace asubuhi mapema, akae sokoni mpaka treni ya saa tano na nusu itoke, kisha arudi kwa treni ya saa tisa na nusu na kivuko, asiruke kile kivuko.

Na anayetaka sukari ya mnazi anunue Tha Kha palepale inapopikwa, kwa sababu sokoni nyingi imechanganywa na sukari nyeupe. Ya kweli ni laini na inalegea kwenye joto, ile ngumu kama jiwe iacheni. Mi nililipa baht 100 kwa kilo, nikaitia kwenye kopo la mfuniko na kuifunga mfuko juu. Kopo lilifika Tanga limevuja kidogo kwenye kona, nguo zikapona.